Sindano ya Homoni kwa Mama Mwenye Uchungu wa Mapema



Katika mikutano ya matawi akina mama wanaochuma chai hapa Uganda wametuuliza mara nyingi habari ya sindano ya homoni ambayo mjamzito hudungwa akishikwa na uchungu kabla ya miezi yake kutimia. Wengine wameambiwa kwamba inamzuia mtoto asizaliwe. Wengine wanaichanganya na ile ya uzazi wa mpango, basi wanaikimbia. Sisi si madaktari, lakini tumeuliza kwa wanaojua, na tumeona yafaa jambo hili lielezwe kwa maneno ya kazini, maana nusu yake huamuliwa huku huku shambani, penye mizani, mbele ya nyapara.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia amezaliwa kabla ya wakati. Jirani zetu wa Tanzania humwita njiti. Duniani karibu mtoto mmoja katika kila kumi huzaliwa hivyo.

Homoni ni kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe, kikapita katika damu kupeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine, mfano wa tarishi wa ofisi. Hospitali zinatumia aina mbili kwa mama wa namna hii, na kazi zake hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni projesteroni, ambayo kazi yake ni kulituliza tumbo la uzazi ili mimba ikae. Nchini Marekani mwaka 2003 madaktari walitangaza matokeo ya majaribio kwa wanawake 463 waliowahi kuzaa kabla ya wakati. Walidungwa kila wiki dawa ya jamii ya projesteroni, na ilionekana inasaidia. Mwaka 2011 serikali ya huko ikaruhusu kampuni moja kuiuza kwa jina la Makena. Kampuni ikapanga bei ya dola 1,500 kwa sindano moja, na hali kabla ya hapo wenye maduka ya dawa walikuwa wakiichanganya wenyewe kwa dola 10 mpaka 20 tu. Wananchi walipopiga kelele bei ikashushwa hadi dola 690. Kisha mwaka 2019 yakatoka majaribio makubwa zaidi, ya wanawake wapatao 1,700 katika nchi tisa, yakaonyesha kwamba dawa haikupunguza uzazi wa mapema. Mwezi wa Aprili 2023 kibali kikafutwa. Kwa miaka 12 watu walilipia, na faida kila mmoja aweza kukisia ilikwenda wapi.

Hata hivyo projesteroni yenyewe haikutupwa. Ipo ya vidonge au jeli ya kuweka ukeni, na hiyo humsaidia mama mwenye mimba ya mtoto mmoja ambaye mlango wake wa kizazi umeonekana kuwa mfupi, milimita 25 au chini yake. Ufupi huo hupimwa kwa altrasaundi. Kwa hiyo mama aliyewahi kuzaa njiti aseme hivyo siku ya kwanza anapofika kliniki, asingoje kuulizwa.

Aina ya pili ndiyo tunayotaka hasa kuizungumza. Hii hadungwi mama ili uchungu usimame. Hudungwa mama ili ipite kwake imfikie mtoto, nayo kazi yake ni kuyakomaza mapafu. Mapafu ya mtoto wa miezi saba hayajawa na ule ute unaoyawezesha kubaki wazi baada ya kupumua. Yanajikunja na kugandana kama mfuko wa nailoni uliolowa maji, na mtoto huchoka kwa kuvuta pumzi mpaka akafa. Dawa inayotumika sana katika nchi zetu ni deksamethasoni. Ni dawa ya miaka mingi na bei yake ni ndogo.

Ilianza kwa kondoo. Huko Auckland, New Zealand, daktari aitwaye Graham Liggins alikuwa akitafuta sababu inayoanzisha uchungu, naye akawapa homoni wanakondoo wakiwa bado tumboni. Mmoja alizaliwa mapema mno, wakati ambapo ilitazamiwa afe, akakutwa bado anapumua. Liggins na mwenzake Ross Howie wakajaribu kwa akina mama 282, na mwaka 1972 wakachapisha kwamba watoto waliokufa walipungua. Ulimwengu haukuharakisha. Hata Marekani wakuu wa utabibu walikubaliana kuihimiza mwaka 1994 tu, baada ya miaka 22.

Sasa sikilizeni yaliyopatikana karibu na kwetu. Mwaka 2015 yalitangazwa majaribio yaliyofanyika katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, ambako sindano hii ilipelekwa mpaka kwenye vituo vidogo na vijijini. Vifo vya watoto wadogo kabisa havikupungua, na kwa jumla vifo viliongezeka kidogo, na akina mama wenye dalili za maambukizo waliongezeka pia. Wengi waliodungwa hawakuzaa kabla ya wakati. Miezi yao haikujulikana sawasawa. Ndipo Shirika la Afya Duniani likajaribu tena, safari hii hospitalini, katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, kwa akina mama 2,852 ambao mimba zao zilipimwa vizuri. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Katika kila watoto 100 ambao mama zao hawakudungwa, walikufa karibu 24. Kwa waliodungwa walikufa karibu 20. Dawa ni ile ile! Kilichobadilika ni kujua miezi ya mimba, kuwa na hakika kwamba mama anakaribia kuzaa, kuangalia kama ana maambukizo, na kuwa na wauguzi, joto, na oksijeni ya kumpokea mtoto.

Kwa hiyo msinunue sindano hii dukani, wala msikubali kudungwa na mtu wa mtaani. Hutolewa kati ya wiki 24 na 34, na daktari lazima ajue hesabu hiyo. Hesabu inaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Iandikeni, hata kwenye ukuta wa nyumba ya lebo, na mwende kliniki mapema, miezi mitatu ya kwanza, wakati altrasaundi inaweza kupima umri wa mimba bila kukosea sana. Mama anayekwenda kliniki mwezi wa saba kwa kuogopa kukosa kilo za siku moja anakuwa ameipoteza hesabu hiyo.

Na hapa ndipo chama kinapoingia. Deksamethasoni hudungwa mara nne, kila baada ya saa 12, nayo huhitaji kama siku moja ndipo ifanye kazi yake vizuri. Maana yake saa ni mali. Mama akianza kuumwa kiuno na tumbo kwa vipindi saa nne asubuhi, au chupa ikapasuka, au akaona damu, asingoje kupima majani ya jioni. Tunajua shamba ambako nyapara alimwambia mama amalize mstari kwanza, na gari lililokuwepo likapakia chai. Hatulitaji jina, maana si hilo peke yake. Anayelipwa kwa kilo huogopa kuacha kikapu nusu, na hofu hiyo imetengenezwa na mfumo wa malipo, wala asilaumiwe yeye.

Tena kuna likizo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, hizo ni wiki 10. Mtoto akizaliwa katika wiki ya 30, likizo inakwisha wiki ile ile ambayo mimba ingetimia wiki 40. Mama anatakiwa shambani siku ambayo kwa haki ndiyo angekuwa anajifungua. Tanzania imerekebisha sheria zake za kazi mwaka 2025 ili mama wa njiti aongezewe likizo, na wenzetu wa huko walilidai hilo kwa muda mrefu.

Katika mazungumzo ya mkataba ujao tutadai mambo haya: siku ya kliniki ilipwe kama siku ya kazi, mjamzito mwenye dalili aruhusiwe kuondoka papo hapo na alipwe wastani wa kilo zake, gari la shamba limpeleke hospitali yenye wodi ya watoto wachanga hata kama ni siku ya kupeleka chai kiwandani, na likizo ya mama wa njiti iongezwe. Wajumbe wa matawi waandike ni umbali gani toka kila kambi hadi hospitali hiyo, na gari huchukua muda gani usiku wakati wa mvua, walete hesabu hizo kabla ya kikao.