Mila Hazikumuua Marichka

Wengi wanaoitazama "Vivuli vya Mababu Waliosahauliwa", filamu ya Sergei Parajanov ya mwaka 1965, humaliza kwa kuzilaumu mila. Hawakosi sababu. Kisa ni cha Wahutsul, wachungaji wa milima ya Carpathia nchini Ukraine. Ivan na Marichka wanapendana, ilhali baba wa binti ndiye aliyemuua baba wa kijana kwa shoka. Ukishajua hayo, unangoja wazee wa koo waje kuwatenganisha. Hawaji. Ivan anapanda malishoni kufanya kibarua kwa kuwa hana kitu, na huku nyuma Marichka anateleza jabalini akimwokoa mwanakondoo, mto unamchukua. Ufukara na ajali, basi. Uhasama wa koo haumo katika kifo hicho, na kwa maoni yangu mwongozaji alitaka tulione hilo.

Na ile nira, je? Ivan anapokuja kumwoa mwanamke mwingine, Palahna, maharusi wanafungwa vitambaa machoni na kuvikwa nira shingoni kama ng'ombe wa kulima. Picha hiyo ndiyo ushahidi mkubwa wa wanaozishtaki mila, nayo inatisha kweli. Lakini Wahutsul hawakuwa na desturi hiyo: Parajanov aliibuni mwenyewe. Alipotaka kuonyesha ndoa isiyo na mapenzi, ilimbidi atunge mila mpya, maana zile alizozikuta kijijini hazikuifaa kazi hiyo. Zinafaa kwingine. Katika matanga ya Ivan, waombolezaji wanacheza na kucheka karibu na maiti, kwa desturi ya kale ya mkesha wa Wahutsul, na ukiwa uliomwandama tangu Marichka afe unapata watu wa kuubeba.

Wapo pia wasemao kwamba Parajanov, Mwarmenia mzaliwa wa Tbilisi, aliwageuza wanamilima kuwa maonyesho. Kupenda kwake mapambo sikatai. Mara nyingine vazi linamshinda mvaaji. Hata hivyo aliwaweka wanakijiji wenyewe mbele ya kamera, akaiacha lahaja yao ilivyo, na akakataa filamu itiwe sauti za Kirusi. Katika dola ya Kisovieti hilo halikuwa jambo dogo. Tarehe 4 Septemba 1965, filamu ilipozinduliwa Kyiv, mhakiki Ivan Dziuba alisimama ukumbini kulaani kukamatwa kwa wasomi wa Ukraine. Parajanov mwenyewe alitiwa gerezani mwaka 1973.