Ukungu wa Kereita

Katikati ya Nairobi, pale Barabara ya Kimathi inapokutana na ile ya Mama Ngina, Dedan Kimathi amesimama kwa shaba tangu 2007, bunduki mkononi. Watu hupiga picha, hungoja wapenzi wao, huenda zao. Msitu alimojificha na wenzake wakati wa vita vya Mau Mau hauko mbali hivyo. Ncha yake ya kusini, Kereita, anaweza kuifikia mtu aliyekunywa chai mjini asubuhi na bado akarudi kabla ya giza.

Magari ya upande huo hupakia Nyamakima. Yakishapita Westlands, Kangemi na Uthiru, barabara huanza kupanda, na kufikia Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, madirisha yamefungwa bila mtu kuambiwa. Julai madereva huwasha taa saa nne asubuhi. Mbele kidogo, kwenye vibanda vya Soko Mjinga na Kimende, viazi, karoti na kabichi zimepangwa kando ya lami, na kofia za ngozi ya kondoo zinaning'inia karibu nazo. Anayecheka kofia hizo akishuka garini kwa kawaida ni mgeni.

Zamani safari isingehitaji kufika mbali hivi. Msitu wa Wakikuyu ulishuka hadi Dagoretti, ambako Mwingereza Frederick Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipumzika Ngongo Bagas, upande wa Ngong, ikateka maji na kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari ya bara. Leo Dagoretti ina machinjio na nyumba za kupanga. Mti mnene wa zamani ukiuona huko, ujue una bahati.

Kereita yenyewe imo katika Lari, Kaunti ya Kiambu, mkiani mwa safu ya Nyandarua. Mzungu Joseph Thomson aliibatiza safu hiyo Aberdare mwaka 1884, kwa heshima ya mkuu wa Chama cha Kijiografia cha Kifalme huko London. Ndani ya msitu njia hubadilika ghafla: jua hupungua, udongo unakuwa mweusi na kuteleza, mbega wanaruka juu kwa juu, mikia myeupe ikipepea. Mtarakwa unanukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Kwenye magome kumeota zulia la kijani, laini kama sufi, na nyuzi za kijivu zinaning'inia matawini kama ndevu za mzee. Likamue zulia hilo kwa vidole viwili. Maji yatakutiririkia hadi kwenye kiwiko, hata kama mvua haijanyesha.

Hapo ndipo kazi ya msitu inapoonekana. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huja na unyevu, hugonga milima, hupanda, hupoa, na unyevu unageuka ukungu. Majani na magome huunasa, tone kwa tone, udongo ukafyonza na kuuachia mito polepole hata kiangazi. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu, inayotoka upande wa mashariki wa safu hii, ndiyo inayojaza bwawa la Ndakaini, lenye mita za ujazo milioni 70. Nairobi hutegemea bwawa hilo kwa sehemu kubwa ya maji yake. Mfereji ukikauka Kawangware na mikokoteni ya mitungi ya njano ikaanza kuzunguka, wengi huilaumu serikali ya kaunti. Ni nadra mtu kuuliza habari za milima.

Hata soda imo katika yale mji unayoyapata hapa. Chini ya Kereita kuna hewa ya kaboni ya asili inayochimbwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji, kwa hiyo mapovu yanayokuchoma pua mjini huenda yalitoka chini ya mizizi hii.

Mji umechukua mengine pia, bila hodi. Wachunguzi waliopita juu ya misitu ya Nyandarua kwa ndege mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona tanuri za makaa kwa maelfu. Uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika 2009, umepunguza wizi wa miti na kuwazuia tembo wasile mahindi ya watu. Wakulima wanaoishi kando yake hawahitaji kushawishiwa juu ya faida hiyo ya pili.

Mgeni avae gambuti na sweta, na aepuke Aprili na Mei, matope yanapofika magotini. Aingie na kiongozi anayeijua njia, maana ukungu ukishuka, miti yote hufanana. Kurudi ni kwa gari lolote litakalosimama Kimende, na abiria wengi hupanda na kifurushi cha karoti, gambuti zao zimefungwa kwa gazeti la jana.