Kompyuta Isipoiona Diski Yake: Tusiharakishe Kukata Tamaa



Katika robo mwaka iliyopita, kompyuta mpakato ya ofisi ya parokia moja iliyo karibu na bahari iliwashwa asubuhi ikaandika kwamba haioni diski. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wanafunzi wanaolipiwa ada, pamoja na hesabu za kisima. Nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Fundi wa kwanza alishauri diski itupwe. Tulipoifungua tulikuta sehemu zake za kugusana na tundu zimechafuka kwa kutu. Iliposafishwa, kazi yote ilionekana. Hivyo tumeona vema kuzieleza kamati zote hatua za kufuata.

Diski ya SSD haina sahani inayozunguka kama diski za zamani. Nyingi za siku hizi ni kibao chembamba kinachochomekwa kwenye tundu. Kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu, na sehemu hizo huharibika polepole. Kwa hiyo diski kutoonekana si lazima iwe imekufa.

1. Zimeni kabisa, ondoeni chaja, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha washeni tena.

2. Ingieni kwenye mipangilio ya awali (BIOS) kwa kubonyeza F2, F10 au Delete, kutegemea aina ya kompyuta. Kama diski imeorodheshwa, tatizo huenda liko kwenye mipangilio au Windows. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya ndani huenda imekwisha na mipangilio imepotea. Andikeni kila mlichokikuta kabla ya kubadili chochote.

3. Kama haikuorodheshwa, fundi akate umeme wa betri, aichomoe diski, aisafishe kwa spiriti ya isopropili, aiache ikauke, kisha airudishe mpaka mwisho na kukaza skrubu.

4. Bado haionekani? Ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Ikionekana huko, nakilini kazi yenu kwanza.

5. Diski mpya isipoonekana, hakikisheni aina yake. SATA na NVMe hufanana kwa umbo, lakini tundu lililotengenezwa kwa aina moja tu halitaisoma nyingine.

Onyo kubwa: kompyuta ikiuliza kama diski iandaliwe upya au ifomatiwe, jibu ni HAPANA mpaka mhakikishe hakuna kitu cha kuokoa.

Tukumbuke pia kwamba diski hubeba majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai tuyalinde, kwa hiyo mjumbe mmoja akae na fundi mpaka kazi iishe.

Tunaziomba kamati zinakili kazi kila Ijumaa kwenye diski mbili za nje, moja ikae nje ya ofisi. Kwa wafadhili wetu tunasema: mnapotoa kompyuta, ongezeni na diski ya nakala. Bei yake ni ndogo kuliko kuanza upya kutafuta nani alilipiwa ada na nani bado.