Pampu ya Maji ya Gari la Zamani: Kabla Hujalipa

Mshale wa joto ukipanda kati ya Bariadi na Lamadi, usiridhike na kuongeza maji kila siku. Injini ikichemka, silinda hedi huweza kupinda, na gharama yake huzidi bei ya pampu. Tunakushauri:

- Injini ipoe kabla ya kufungua rejeta.
- Ikiwa pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, badilisha vyote pamoja; kazi ya kuvifikia ni moja.
- Spea za magari ya zamani, hasa ya michezo, ni adimu. Linganisha pampu mpya na kuukuu kabla ya kulipa. Kuuza bidhaa yenye alama bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963.
- Dai stakabadhi inayotaja spea na dhamana. Bila hiyo, lalamiko lako litakosa ushahidi.