Upinde wa Kwanza wa Mtoto

Mzazi wa Boito, katika nchi ya Wakipsigis yenye mashamba ya chai, anayetaka mwanawe ashike adabu ya silaha hataanza na bunduki. Bunduki ni ya mtu mzima mwenye leseni ya Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, na uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka wa 1977. Silaha iliyo karibu ni upinde, na kwa Wakipsigis upinde haujawahi kuwa kitu cha kuchezea tu. Katika mapigano ya Bonde la Ufa ya 1992 na ya 2008, watu waliuawa kwa mishale. Afadhali basi mtoto afundishwe nyumbani kuliko ajichongee mwenyewe malishoni.

Sare ya shule hununuliwa kubwa ili mtoto akue nayo. Upinde haununuliwi hivyo. Mwambie auvute hadi kidevuni, ahesabu polepole mpaka tano, kisha aurudishe bila kufyatua. Mkono ukitetemeka, upinde huo si wake. Wazazi wengi hutazama kama anaweza kuuvuta. Mimi hutazama kama anaweza kughairi, maana siku mwenzake atakapokatiza mbele yake ghafla, kughairi ndiko kutakakohitajika.

Kwa mtoto wa miaka minane au tisa, upinde wenye uzito wa kuvuta wa kilo 5 hadi 7 unatosha. Kuupima ni rahisi: uning'inize upinde kwa kiuno chake kwenye msumari, kisha tundika kwenye upote kibuyu cha plastiki cha lita tano kilichojaa maji. Upote ukishuka karibu kiasi cha mvuto wa mtoto, upinde unafaa. Usipopinda sana, mrudishie fundi. Na usiufyatue kamwe bila mshale: nguvu inayokosa pa kwenda hurudi mtini, na mti unaweza kupasuka karibu na uso.

Mshale una hatari kuliko upinde, ingawa wanunuzi wachache huujali. Ukiwa mfupi, ncha hurudi nyuma ya upinde na kutoboa kiganja kilichoushika. Mtoto aweke mkia wa mshale kifuani, anyooshe mikono yote miwili mbele na kuubana kwa viganja. Ncha ipite vidole kwa upana wa kiganja. Kichwa kiwe butu. Habari za sumu ya mishale itokayo kwenye mti wa msunguti, ambayo husimamisha moyo, mtoto azisikie, lakini mti wenyewe asiuguse.

Shabaha ni gunia lililoshindiliwa nyasi kavu, liegemezwe kwenye ukingo wa udongo. Shamba la majani chai lisiwe nyuma yake hata kidogo: michai hufika kiunoni mwa mchumaji, na mtoto anayepita katikati ya mistari haonekani.

Mwisho, nunua filimbi. Wapiga mishale wa mashindano, akiwemo Shehzana Anwar aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio 2016, huamriwa kwa milio: miwili, sogeeni mstarini, mmoja, pigeni, mitatu, nendeni mkaokote. Kabla ya hiyo mitatu, kila upinde uwe umelazwa chini, hata wa baba.