Kijiji, neno lenye jiji ndani yake

Anayetoka Mwanza kwenda Sengerema hupita Usagara, hushika barabara ya Kigongo, kisha hupanda Daraja la J.P. Magufuli. Dakika chache baadaye yuko Busisi. Daraja hilo la kilomita 3 lilifunguliwa Juni 19, 2025. Kabla ya hapo watu, magari na matenga ya samaki vilisubiri foleni ya kivuko, MV Mwanza au MV Misungwi, na safari ya maji machache ikala hata saa mbili. Nyuma ya msafiri ni jiji, hadhi ambayo Mwanza iliipata mwaka 2000. Mbele yake ni vijiji.

Wengi huyaweka maneno hayo mawili mbalimbali kama mbingu na ardhi. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni mji.

Mzizi wenyewe ni -ji. Ukitanguliwa na m- ni mji. Mswahili akitaka kukuza kitu huweka ji-: mtu akawa jitu, na mji, kwa njia hiyohiyo, ukawa jiji. Akitaka kudogosha huweka ki-, na hapo ndipo penye utamu. Mlima huwa kilima bila shida, kwa sababu mzizi wake una silabi mbili. Mizizi ya silabi moja ni mifupi mno kusimama na ki- peke yake, hivyo lugha huichomekea -ji- katikati: mti hatuuiti kiti, tunasema kijiti, mto huwa kijito, mtu huwa kijitu. Mji nao huwa kijiji. Ji ya kwanza ni ya sarufi, ya pili ndiyo mji wenyewe. Andika neno hilo kwenye karatasi, ufunike ki- kwa kidole: kinachobaki ni jiji.

Mzizi huo ni wa kale kuliko Kiswahili. Wakikuyu husema mũciĩ, Wachewa wa Malawi mudzi, Wazulu umuzi. Maana katika lugha hizo hukaribiana: nyumbani, boma la ukoo, makazi ya watu waliojuana. Hakuna ghorofa wala lami katika maana hiyo. Mji ulikuwa watu na mahali pao kabla ya kuwa majengo, na Kiswahili bado kinabeba alama za asili hiyo. Mwenyeji ni mwenye mji, yule aliye na haki ya kumkaribisha mgeni. Mji wa mimba ni mahali mtoto anapokaa kabla hajazaliwa. Kule Lamu, ambako sauti ya j hulegea, neno ni mui. Na Wamijikenda wa pwani ya Kenya wamejiita kwa miji yao tisa, kwa kuwa kenda ni tisa. Miji hiyo ndiyo makaya, na misitu ya makaya imeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008.

Neno limesafiri hata ng'ambo. Mwaka 2005 kampuni ya eBay ilianzisha mtandao wa matangazo madogomadogo ukaitwa Kijiji, na nchini Kanada watu wengi hulitaja jina hilo wakitafuta baiskeli iliyotumika au chumba cha kupanga.

Turudi Busisi, upande wa pili wa daraja, nayo ina hadithi yake. Huko ni nchi ya Wazinza, na Wasukuma wamehamia kwa wingi. Bu- ya jina hilo ni ileile ya Bukumbi, Bukoba na Buganda. Kiswahili huidondosha b na kusema Uganda, Usukuma, Uzinza. Wasukuma wa zamani hawakukaa kwa kubanana. Kila kaya ilikuwa na uzio wake wa minyaa, mashamba yakiizunguka, na kaya nyingi kwa pamoja zilifanya gunguli chini ya kiongozi aliyeitwa ng'wanangwa, naye alikuwa chini ya ntemi, yaani chifu. Gunguli lilikuwa na mipaka na uongozi, lakini mgeni aliyetafuta nyumba zilizopangwa kwa mstari angepita katikati yake asijue ameshafika.

Kisha serikali ikalichukua neno kijiji na kulipa kazi mpya. Mwalimu Nyerere aliandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri. Familia ziliacha kaya zao zilizotawanyika zikahamia kando ya barabara. Sheria ya mwaka 1975 ikaweka kipimo: ili kijiji kiandikishwe, kaya zisipungue 250. Tangu hapo kijiji si udogo wa mji tu. Ni chombo chenye mwenyekiti, halmashauri ya watu 15 hadi 25, na mkutano mkuu ambamo kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kusema.

Hapa ndipo kiambishi kile kidogo, ki-, kinapogusa mfuko wa mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, chini ya macho ya mkutano mkuu. Eneo likigeuzwa kuwa la mji, vijiji hufutwa na mitaa huchukua nafasi yake. Ardhi huhamia kwenye ardhi ya jumla, na mamlaka ya kugawa viwanja huenda ofisi nyingine. Heshima ya kuitwa mji ina bei, na haki ni wakazi waambiwe bei hiyo mapema.

Daraja limeifanya Busisi kuwa jirani wa jiji, na viwanja kando ya barabara vitatafutwa. Siku mkutano wa kijiji utakapoitishwa kuzungumzia kupandishwa hadhi, mkazi wa huko na ahudhurie, aulize ardhi itakuwa chini ya nani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.