Dalali na Mwenye Nyumba Katika Mji Mkongwe

Nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Unguja haitangazwi kwa kibao mlangoni. Habari zake hupita kwa sauti ya chini kutoka baraza moja hata nyingine, kutoka Malindi hata Kiponda na kutoka Kiponda hata Mkunazini, na kabla ya jirani wa ukuta mmoja kupata yakini ya jambo, mushtari huwa amekwisha pandishwa ngazi, ameonyeshwa dari, na amegonga boriti za mikoko kusikiliza kama zimeliwa na mchwa. Mwenye kuziongoza habari hizo ni dalali. Na suali ambalo kila mwenye nyumba hujiuliza, la kama amwite mtu huyo au auze mwenyewe na kuuokoa ujira, halimaliziki kwa kuhesabu asilimia peke yake.

Nataka kuanza na haki ya dalali, kwani wengi humtaja kwa lawama tu. Katika mji ambao watu wake wanajuana kwa nasaba na kwa ndoa, kuuza nyumba ya wazee husomwa kuwa ni dalili ya ufukara au ya ugomvi wa ndugu, hata kama sababu yake ni matibabu ya mama au kwamba watoto wote wamekwisha hamia Mbweni na Chukwani. Dalali huisitiri familia hiyo, kwa kuwa yeye huulizia bei bila ya kutaja mlango, na mushtari asiyekubaliwa huondoka bila ya kujua ni nani aliyemkataa. Tena muuzaji na mnunuzi aghalabu ni wakwe au majirani, na maneno ambayo hawawezi kuambiana uso kwa uso huchukuliwa na mtu wa tatu, neno kali lililotoka juu likafika chini limepoa. Hii ni kazi, nayo yastahili malipo.

Lakini bidhaa kubwa aliyonayo dalali ni ujuzi wa bei. Huko Marekani, ambako kwa miaka mingi muuzaji alikatwa asilimia 5 hata 6 ili mawakala wawili, wake na wa mnunuzi, wagawane, na ambako desturi hiyo ilitikiswa mwaka 2024 kwa mapatano ya kesi yaliyokilazimu chama cha mawakala wa nyumba kubadili kanuni zake na kukubali kulipa dola milioni 418, mtu anayetaka kuuza nyumba mwenyewe anaweza, katika majimbo mengi, kusoma bei iliyolipwa kwa nyumba ya jirani kabla hajaitamka yake. Kwetu bei haisomeki popote. Nyumba iliyouzwa Shangani mwaka juzi imeuzwa kwa fedha wanayoijua watu wachache, na mmoja wao ni dalali. Kwa hiyo mwenye nyumba anayemkimbia kwa kuogopa ujira hujinyima kipimo pia, na si ajabu akaikubali bei ya kwanza aliyotajiwa, akajiona ameokoa ilhali amepunjika.

Ujuzi huo huo, hata hivyo, ndio unaomtia muuzaji hatarini. Hebu tumfikirie marehemu aliyeacha nyumba Kiponda, akaacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, hana mzazi aliye hai wala deni. Kwa hesabu ya mirathi nyumba hiyo ni mafungu manane: mjane 1, kila binti 1, na kila mwana wa kiume 2. Tuseme warithi wameafikiana shilingi milioni 160. Basi kila fungu ni milioni 20. Dalali aliyeahidiwa asilimia 5 atachukua milioni 8, na kila fungu litapungua milioni 1, ambayo si dhuluma ikiwa amehangaika. Lakini kuna kile kiitwacho cha juu. Dalali huyo, akijua kuwa warithi wametaja milioni 160, humtajia mushtari milioni 190, akahakikisha kwamba pande mbili hazikutani ila siku ya kutia sahihi, na milioni 30 za katikati zikawa zake. Mtu asiye na nasaba yoyote na marehemu amepata zaidi ya binti wa marehemu. Madalali waaminifu wapo, na mji unawajua. Lakini mlango wa hiana hubaki wazi kila pale muuzaji anapotaja bei anayoitaka bila ya kutaja, kwa maandishi, ujira anaoutoa.

Na iko kazi ambayo dalali, awe mwaminifu namna gani, hawezi kuifanya kwa niaba ya mwenye nyumba, nayo ni kubwa kuliko zote: kubainisha kwamba kinachouzwa chauzika, na kwamba anayeuza anayo haki ya kuuza. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi namba 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, hata mtu asemapo kuwa amenunua kiwanja, kwa hakika amehaulishiwa haki ya kukitumia, haki ambayo mgeni hapewi, naye hubaki kukodishwa kwa muda. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Nyingine ni wakf, na wakf haiuzwi, hata kama ukoo mmoja umelala ndani yake vizazi vitatu. Wa kuulizwa hapo ni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, wala si watu wa barazani. Kisha waje warithi, mmoja Maskati, mmoja Dar es Salaam, mmoja London, ambao kila mmoja wao sharti atie sahihi au atoe hati ya uwakala iliyothibitishwa, kwa kuwa binti mmoja aliyesahauliwa ng'ambo anatosha kuibatilisha bei ambayo wenziwe wamekwisha kuila. Ipo pia shufaa, inayompa mshirika katika mali nafasi ya kumtangulia mgeni kwa bei ile ile. Mafakihi wamekhitilafiana mipaka yake, na kadhi ndiye wa kuulizwa, lakini hata pasipo kufika kwa kadhi ni adabu njema kumuuliza ndugu kabla ya kumuuliza mpita njia. Na mushtari anayekusudia kuigeuza nyumba hoteli aambiwe mapema kwamba Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kwa hiyo kuvunja ukuta au kubadili dirisha kwahitaji idhini.

Katika vijiji vya pwani, kama Paje, Jambiani na Nungwi, mambo ni mazito zaidi, kwani huko wavuvi na wakulima wa mwani waliuza viwanja kwa watu wa kati kwa bei ya kijiji, na watu hao wakaviuza kwa bei ya watalii. Waliokosa hapo hawakukosa mnunuzi. Walikosa mtu wa kuwaambia thamani.

Rai yangu ni kwamba pale ambapo mushtari yumo ndani tayari, naye ni mrithi mwenza au mpangaji, dalali hana la kufanya, na mwenye nyumba amtafute wakili tu. Pasipokuwa hivyo, amalize kwanza mambo ya warithi na hati, apate kauli ya mthamini, awaulize wazee wawili watatu waliouza karibuni, ndipo amteue dalali mmoja. Nasema mmoja, kwa sababu nyumba iliyo mikononi mwa madalali watano hupewa bei tano, na watu wakaanza kunong'ona kuwa ina ila. Mapatano yaandikwe: bei, asilimia, muda, na sharti kwamba muuzaji ataonana na mushtari ana kwa ana kabla ya arbuni kupokewa. Mkataba utiwe sahihi mbele ya wakili na sheha wa shehia, upelekwe kwenye bodi ya uhaulishaji wa ardhi, ushuru wa stempu ulipwe, na fedha zipite benki, kila mrithi kwa hesabu yake. Dalali naye alipwe siku hiyo hiyo, mbele ya warithi waliopo, kwa kiasi kile kile kilichoandikwa, na stakabadhi yake iwekwe pamoja na nakala ya mkataba, kwa kuwa ndugu aliyeko Maskati ataiulizia.